Kenya Ilitangulia, Tanzania Ikaifikia: Hesabu ya Vifo vya Mapema

Kifo cha mapema ni kile kinachomkuta mtu kabla ya umri ambao, kwa tiba na lishe zilizopo duniani, angeweza kuufikia. Watakwimu hawana kipimo kimoja cha jambo hili. Kwa watoto huhesabu wangapi katika kila vizazi hai 1,000 hufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Kwa watu wazima hutazama uwezekano wa kijana wa miaka 15 kufa kabla ya kufikia 60. Kwa maradhi yasiyoambukiza, Shirika la Afya Duniani (WHO) huangalia kati ya miaka 30 na 70. Wengine hujumlisha miaka iliyopotea, na katika hesabu hiyo mtoto wa miezi sita huwa na uzito mkubwa kuliko mzee wa miaka 65. Nchi moja inaweza kufanya vizuri kwa kipimo kimoja na vibaya kwa kingine katika mwaka uleule.

Katika Afrika Mashariki, Kenya na Tanzania ndiyo jozi inayofundisha zaidi. Zinagawana Ziwa Victoria na mbu wake, na mpaka wake umewakata Wamasai, Wakurya, Wajaluo na Wadigo katikati. Zilipata uhuru kwa kupishana miaka miwili, Tanganyika mwaka 1961 na Kenya mwaka 1963, kisha zikafuata siasa tofauti za uchumi. Kenya imekuwa tajiri zaidi kwa kila mwananchi muda wote huo. Ingekuwa fedha peke yake ndiyo inayookoa maisha, Kenya ingekuwa bado inaongoza kwa mbali. Haiongozi, na namna ilivyopoteza nafasi hiyo inastahili kutazamwa kwa karibu.

Kabla ya takwimu zenyewe, inafaa kujua zinatoka wapi. Vifo vingi vya nchi hizi mbili, hasa vya vijijini, haviandikishwi popote: mtoto huzikwa, jamaa hukaa matanga, na hakuna cheti kinachoombwa. Kwa hiyo nambari zinazotajwa bungeni na magazetini hutokana kwa sehemu kubwa na tafiti za kaya zinazofanywa kila baada ya miaka mitano hivi, kuanzia mwaka 1989 nchini Kenya na 1991-92 nchini Tanzania. Mdadisi huketi na mwanamke wa umri wa miaka 15 hadi 49 na kumwomba awataje watoto wote aliopata kuwazaa, mmoja baada ya mwingine, tangu wa kwanza. Jina lake nani? Wa kiume au wa kike? Alizaliwa mwezi gani, mwaka gani? Yu hai? Kama si hai, alikufa akiwa na umri gani? Aliyekufa ndani ya mwezi wa kwanza huandikwa kwa siku, aliyekufa kabla ya kutimiza miaka miwili kwa miezi, na mkubwa zaidi kwa miaka. Maelfu ya mazungumzo kama hayo ndiyo yanayozaa ile nambari moja ya taifa. Mama huweza kusahau mwezi, lakini ni nadra kusahau mtoto, na ndiyo sababu takwimu za vifo vya watoto zinaaminika kuliko nyingine zote zitakazotajwa hapa.

Wakati wa uhuru hali ilikuwa mbaya kote kuwili. Makadirio ya Umoja wa Mataifa yanaonyesha kuwa Kenya ilikuwa ikipoteza takriban mtoto mmoja kati ya watano kabla ya miaka mitano, na Tanganyika karibu mmoja kati ya wanne. Pengo hilo lilitokana na mambo mengi: Kenya ilirithi miji, barabara, hospitali za misheni na shule nyingi zaidi, na elimu ya mama ni mojawapo ya mambo yanayoambatana kwa karibu zaidi na uhai wa mtoto. Katika miaka ya 1960 na 1970 Kenya ilipiga hatua kubwa. Tanzania nayo, baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, ilisambaza zahanati na vituo vya afya vijijini, na mwaka 1973 ikaendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa njia ya redio, ambapo vikundi vya wanakijiji vilikusanyika kusikiliza vipindi kisha kwenda kuchimba vyoo na kufyeka mazalia ya mbu. Zahanati zilijengwa. Dawa za kuzijaza ndizo zilizokuja kukosekana, hasa baada ya vita vya Uganda vya 1978-79 na msukosuko wa uchumi uliofuata.

Tafiti za kwanza za kaya zilikuta hali hii: Kenya, mwaka 1989, vifo 89 vya watoto chini ya miaka mitano kwa kila vizazi hai 1,000; Tanzania, mwaka 1991-92, vifo 141. Mtaalamu yeyote wa wakati huo angebashiri kwamba Kenya ingeendelea kutangulia kwa kizazi kizima.

Yaliyofuata hayakutarajiwa. Utafiti wa Kenya wa mwaka 1993 ulikuta vifo 96. Wa 1998 ulikuta 112. Wa 2003 ulikuta 115. Taifa lisilo na vita, lenye chuo cha udaktari na hospitali kubwa za rufaa, lilirudi nyuma kwa karibu miaka 15 mfululizo. Tofauti ya 89 na 115 inaonekana ndogo mpaka ihesabiwe kwa watu. Kenya ya wakati huo ilikuwa na uzazi zaidi ya milioni moja kwa mwaka. Nyongeza ya vifo 26 katika kila uzazi 1,000 ni zaidi ya watoto 26,000 kila mwaka ambao wangeishi kama hali ya 1989 ingebaki ilivyokuwa, bila kuboreshwa hata kidogo. Hakuna tume iliyoundwa kuchunguza msiba huo. Watoto hao walikufa mmoja mmoja, kila mmoja nyumbani kwao au katika wodi yake, na jambo la namna hiyo halifanyi kichwa cha habari.

UKIMWI ulichangia, kwani bila dawa mama mwenye virusi huweza kumwambukiza mtoto tumboni, wakati wa kujifungua au kwa kunyonyesha. Lakini UKIMWI hautoshi kueleza yote, kwa sababu Tanzania nayo ilikuwa nao. Klorokwini, dawa ya malaria iliyokuwa rahisi na ya kutegemewa, ilikuwa ikishindwa nguvu na vimelea katika nchi zote mbili. Kenya iliamua kuiacha mwaka 1998 na Tanzania mwaka 2001. Kipekee kwa Kenya kulikuwa na kulegea kwa huduma za kawaida kabisa. Mwaka 1993 watoto 79 kati ya 100 wa umri wa mwaka mmoja hadi miwili walikuwa wamekamilisha chanjo. Mwaka 1998 walikuwa 65. Mwaka 2003 walibaki 57. Tanzania, maskini kuliko jirani yake, ilikaa karibu na 70 katika kipindi hicho chote bila kuyumba sana. Juu ya hayo kulikuwa na sera ya kuchangia gharama, iliyoanza Kenya Desemba 1989, ikasitishwa mwaka uliofuata baada ya wagonjwa kupungua zahanatini, kisha ikarejeshwa kidogo kidogo. Tanzania ilianza kutoza ada mwaka 1993, ikiwasamehe kisera wajawazito na watoto chini ya miaka mitano. Msamaha huo ulivunjwa mara nyingi kwa mama kuambiwa akanunue glovu na sindano dukani, lakini angalau mlango wa kliniki ulibaki wazi.

Wastani wa taifa nao ulificha mengi. Utafiti wa Kenya wa 2003 ulikuta vifo 206 kwa kila vizazi 1,000 katika mkoa wa Nyanza na 54 katika mkoa wa Kati. Mtoto aliyezaliwa kando ya ziwa alikuwa na hatari karibu mara nne ya yule aliyezaliwa Nyeri au Kiambu. Malaria na UKIMWI vilikutana Nyanza kwa nguvu, na fedha za serikali hazikukutana navyo.

Tanzania haikuwa na cha kujivunia hadi mwisho wa karne. Vifo vyake vilikuwa 137 katika utafiti wa 1996 na 147 katika ule wa 1999, yaani miaka ya 1990 ilipita bure. Mabadiliko yalikuja haraka baadaye: 112 mwaka 2004-05, 81 mwaka 2010, 67 mwaka 2015-16. Katika utafiti wa 2004-05 nchi hiyo ilikuwa imeifikia Kenya ya mwaka 2003, na mbio zilizoanza kwa pengo la watoto 52 zikawa hazina kiongozi.

Sehemu ya maelezo ya mageuzi hayo iko katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini. Kuanzia mwaka 1997 wizara ya afya, kwa ufadhili wa Kanada, iliendesha huko mradi uliofahamika kwa kifupisho cha TEHIP. Wazo lake lilikuwa la kawaida mno kiasi cha kushangaza kwamba halikuwa limefanywa: kwanza kujua watu wa wilaya wanakufa kwa nini, halafu kupanga bajeti kwa kufuata jibu. Wadadisi walizunguka kaya kwa kaya, na palipotokea msiba waliwauliza wafiwa dalili za marehemu, yaani homa, degedege, kuhara, kupumua kwa shida, ili sababu ya kifo ikadiriwe. Ilipowekwa karibu na vitabu vya fedha, orodha hiyo ilizua aibu. Huko Morogoro malaria ilikuwa ikichukua karibu asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, lakini ikipata kama asilimia 5 tu ya bajeti ya afya ya wilaya. Wilaya hizo mbili zilipewa nyongeza ndogo ya fedha, chini ya dola mbili kwa kila mkazi kwa mwaka, na uhuru wa kupanga matumizi. Ziliweka uzito kwenye vyandarua, dawa za malaria na mafunzo ya wauguzi na matabibu ya kumchunguza mtoto mgonjwa kwa utaratibu mmoja wa hatua kwa hatua. Katika miaka mitano iliyofuata vifo vya watoto vilishuka kwa zaidi ya asilimia 40.

Takwimu za Rufiji zilivunja pia dhana iliyokuwa ikisemwa sana maofisini, kwamba watoto wanakufa kwa sababu wazazi wanawapeleka kwa waganga wa kienyeji. Uchunguzi wa waliokufa kwa malaria ulikuta kuwa karibu wanne kati ya watano walipelekwa kwenye tiba za kisasa. Walifika. Huduma waliyoikuta ndiyo iliyokuwa dhaifu au iliyochelewa, na lawama iliyokuwa imetupiwa wazazi kwa miaka mingi ilipaswa kuhama.

Yaliyofanyika kitaifa yalikuwa ya aina hiyohiyo. Matone ya vitamini A yaliwafikia watoto 14 kati ya 100 mwaka 1999. Miaka sita baadaye yaliwafikia 85. Mwaka 2004 ilianza Hati Punguzo, karatasi aliyopewa mjamzito kliniki ili akanunue chandarua dukani kwa bei nafuu, na baada ya 2009 vyandarua vikagawiwa bure kwa mamilioni. Mwaka 2006 dawa mseto ya malaria iliingia zahanatini. Fedha za wafadhili ziliwekwa katika kapu moja na sehemu yake ikapelekwa halmashauri moja kwa moja. Hakuna hata moja kati ya hatua hizi iliyohitaji daktari bingwa.

Kenya nayo ilizinduka. Mwaka 2004 ada za zahanati na vituo vya afya zilipunguzwa hadi shilingi 10 na 20. Mwaka 2006 vyandarua zaidi ya milioni tatu viligawiwa bure katika kampeni moja, pamoja na chanjo ya surua, na dawa mseto ikaanza kutolewa. Utafiti wa 2008-09 ulikuta vifo vimeshuka kutoka 115 hadi 74, upungufu wa zaidi ya theluthi ndani ya takriban miaka mitano. Uchambuzi wa wachumi wa Benki ya Dunia uliotolewa mwaka 2012 ulihusisha sehemu kubwa ya kushuka kwa vifo vya watoto wa chini ya mwaka mmoja na vyandarua katika maeneo ya malaria. Mwaka 2014 vifo vilifika 52, na mwaka 2022 vilikuwa 41. Tanzania, katika utafiti wake wa mwaka huohuo wa 2022, ilikuwa na 43. Kwa tafiti za aina hii tofauti ya vifo viwili si tofauti. Jambo jipya ni kwamba mjini si tena mahali salama kwa hakika: utafiti wa Kenya wa 2014 uliipa Nairobi vifo 72, juu sana ya wastani wa taifa, na anayeijua mitaa ya mabanda yenye maji ya mikokoteni na vyoo vya kulipia hatauliza kwa nini.

Kwa upande wa akina mama, ulinganisho unakuwa mgumu na mara nyingi hutumiwa vibaya. Vifo vitokanavyo na uzazi ni vichache kuliko vya watoto, kwa hiyo mdadisi humuuliza mwanamke habari za dada zake wa tumbo moja, waliokufa wakiwa wajawazito, wakijifungua au muda mfupi baadaye. Jibu huwa na ukungu. Tanzania iliripoti vifo 454 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2010 na 556 mwaka 2015-16, na wanasiasa wakagombana juu ya ongezeko ambalo kitakwimu halikuwa la uhakika, kwani mipaka ya makosa ya nambari hizo mbili ilipandana. Mwaka 2022 ikaripotiwa 104, anguko kubwa lililosherehekewa mno. Makadirio ya Umoja wa Mataifa kwa mwaka 2020 yaliiweka Tanzania kwenye 238. Kwa Kenya mvutano ni wa upande mwingine: sensa ya 2019 ilitoa 355, na Umoja wa Mataifa ukakadiria 530 kwa mwaka 2020. Mwandishi anayetaka kuisifu nchi fulani au kuiponda atapata nambari ya kumfaa. Lisilobishaniwa ni kwamba wanawake wanaojifungulia katika vituo vya afya wameongezeka mno: Kenya kutoka 40 kati ya 100 mwaka 2003 hadi 82 mwaka 2022, na Tanzania kutoka 47 mwaka 2004-05 hadi 81 mwaka 2022. Kenya iliondoa malipo ya kujifungua katika hospitali za umma Juni 2013. Tanzania ilipandisha hadhi mamia ya vituo vya afya ili viweze kufanya upasuaji wa uzazi, na ikaanzisha mfumo wa m-mama wa kumtafutia usafiri mjamzito aliyepata dharura, hata kwa kumtumia dereva wa kawaida mahali pasipo na gari la wagonjwa.

Kwa watu wazima, historia ya kipindi hiki ni historia ya UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza walitambuliwa Kagera, nchini Tanzania, mwaka 1983 na Kenya mwaka 1984. Umri wa kuishi Kenya, uliokuwa umekaribia miaka 60 mwishoni mwa miaka ya 1980, ulikuwa umeshuka hadi hamsini na kidogo kufikia mwaka 2000, na kuwa sawa na ule wa Tanzania, ambao haukuwa umepanda juu kiasi cha kuanguka. Waliokufa walikuwa walimu, madereva, wauguzi, wazazi wenye watoto wadogo. Rais Moi wa Kenya aliutangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa Novemba 1999, miaka 15 baada ya mgonjwa wa kwanza. Dawa za kupunguza makali zilianza kutolewa bure kwa wingi katika nchi zote mbili baada ya 2003, kwa fedha za Marekani na za Mfuko wa Dunia, na tangu hapo umri wa kuishi umepanda kwa zaidi ya miaka kumi. Makadirio ya karibuni ya Umoja wa Mataifa yanaipa Tanzania takriban miaka 67 na Kenya chini ya 65. Nchi iliyokuwa nyuma wakati wa uhuru sasa imetangulia kidogo katika kipimo hicho. Ushindi huo, hata hivyo, uliegemea fedha za watu wengine, na serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, Nairobi na Dodoma zilijikuta zikitafuta kwa haraka nani atalipa vipimo, dawa na mishahara ya wahudumu.

Nyuma ya UKIMWI yamejipanga maradhi ya moyo, kiharusi, kisukari na saratani. WHO ilikadiria kwa mwaka 2019 kuwa uwezekano wa mtu wa miaka 30 kufa kwa maradhi makuu yasiyoambukiza kabla ya 70 ulikuwa takriban asilimia 21 Kenya na 17 Tanzania. Nambari hizi zategemea zaidi mifano ya hesabu kuliko vyeti vya vifo, kwa hiyo si vizuri kuzifanyia ushindani. Ajali za barabarani zinaonekana vizuri zaidi: Kenya hupoteza zaidi ya watu 4,000 kila mwaka kwa hesabu za mamlaka yake ya usafiri, wengi wakiwa watembea kwa miguu na wa pikipiki, wanaume vijana.

Vyandarua, chanjo, matone na dawa mseto vilikuwa na sifa moja ya pamoja: vinagawiwa. Gari hufika kijijini, watu hupanga foleni, kazi hufanyika. Vifo vilivyobaki havizuiwi kwa namna hiyo. Mwaka 2022 vifo vya watoto wachanga, yaani ndani ya mwezi wa kwanza, vilikuwa 21 Kenya na 24 Tanzania kwa kila vizazi hai 1,000, ambavyo ni nusu na zaidi ya vifo vyote vya chini ya miaka mitano. Wengi wa wanaokufa ni watoto njiti, waliokosa hewa wakati wa kuzaliwa, au waliopata maambukizi ya damu. Kuwaokoa kunataka muuguzi anayekesha wodini, oksijeni isiyokatika, na umeme unaobaki usiku kucha. Muuguzi mmoja mwenye watoto njiti 20 hawezi kuwaangalia wote hata akiwa hodari kiasi gani. Kenya, ambayo tangu 2013 imekabidhi huduma hizi kwa kaunti 47, iliona wauguzi wakigoma kwa karibu miezi mitano mwaka 2017. Tanzania haina migomo ya namna hiyo, ila ina upungufu mkubwa wa watumishi katika vituo ilivyovijenga kwa haraka.

Malengo ya Maendeleo Endelevu yanataka kila nchi ifikie vifo vya wachanga visivyozidi 12 ifikapo mwaka 2030. Tanzania ilikuwa na 26 mwaka 2010 na 24 mwaka 2022: vifo viwili katika miaka 12. Kenya ilikuwa na 22 mwaka 2014 na 21 mwaka 2022. Kwa mwendo huo hakuna kati yao itakayofika, na bajeti zinazosomwa kila Juni Nairobi na Dodoma zitazamwe kwanza kwa kipengele kimoja: wauguzi wangapi wapya wataajiriwa kwa ajili ya wodi za watoto wachanga.